Mwenye Boila ni Fundi wa Maji

Ukimkuta mkulima wa kaskazini mwa Minnesota mwezi wa Aprili, theluji bado imelala kwenye kivuli cha misonobari, naye anapasua kuni tangu asubuhi, usidhani anaandaa za msimu wa baridi unaokuja. Hizo alishazipasua zamani. Ziko nyuma ya ghala, zimepangwa, zimepauka rangi, miisho yake imejaa nyufa. Anazozipasua leo ni za msimu wa baada ya huo, na kama ni za mwaloni huenda zikangoja hata zaidi. Kupasha nyumba joto kwa kuni, kazi hiyo ikishikwa na mtu anayeijua, huanza mapema kiasi hicho. Ukitaka kumpima fundi, usiutazame moto wake kwanza. Tazama kuni zake za mwaka wa mbali.

Kazi hii nimejifunza kuipenda kwa kumtazama baba mkwe wangu, ambaye shamba lake liko upande huo, si mbali na mpaka wa Kanada. Ni jimbo ambalo tarehe 2 Februari 1996, katika kijiji cha Tower, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo haina mazungumzo. Wapo wenzetu wengi wanaoishi Minneapolis, na Wakongo, Warundi na Wanyarwanda walioko Portland na Lewiston kule Maine, ambao wanaijua baridi vizuri lakini joto lao linatoka kwenye kidude cha ukutani: unabonyeza, linakuja. Huko shambani, joto lina mwenyewe.

Chombo ninachokizungumzia ni boila ya kuni inayokaa nje ya nyumba. Ukipita barabarani unaona kibanda cha bati chenye mlango mmoja mzito na bomba la moshi, kimesimama peke yake uani. Ndani yake mna tanuri la chuma lililozungukwa na maji pande zote, mamia ya lita. Moto hupasha maji. Pampu ndogo huyasukuma kwenye bomba lililofukiwa ardhini mpaka ndani ya nyumba. Yakishaacha joto lake huko, hurudi kwa bomba la pili kuja kupashwa tena. Kwa hiyo ndani ya nyumba hamna moto, hamna jivu, hamna wadudu waliosafiri chini ya magome, na bomba la moshi likishika moto usiku, linawaka mbali na waliolala. Boila moja huweza kupasha nyumba, karakana na kibanda cha miche, na maji ya kuoga yakapatikana humohumo.

Mashine hizi zina kwao. Kampuni ya Central Boiler, mojawapo ya zinazojulikana sana, ilianza mwaka 1984 katika mji mdogo wa Greenbush, palepale kaskazini mwa Minnesota. Na sababu za watu kuzinunua si za kimapenzi. Bomba la gesi la mjini haliwafikii, kwa hiyo wengi hutegemea gesi ya propeni inayoletwa kwa lori na kumiminwa kwenye tangi la uani. Januari 2014 propeni iliadimika, bei ikaruka, na Gavana Mark Dayton akatangaza hali ya dharura jimboni. Mtu mwenye msitu wake na shoka lake aliikumbuka miezi ile.

Kuitunza boila watu hukuita kazi ya moto. Nimetazama vya kutosha kuona kwamba moto wenyewe haumchukulii baba mkwe muda mrefu: asubuhi kidogo, jioni kidogo. Saa nyingine zote anashughulika na maji. Anayafukuza yasipotakiwa, anayatunza yanapotakiwa, na sehemu mbili hizo hazikubali kuchanganywa. Ukilielewa hilo, mengine yote anayoyafanya yanaeleweka.

Chukua gogo la kilo 10 la mti uliokatwa juzi. Karibu nusu ya uzito huo ni maji. Ukilitupa motoni umemimina motoni lita zipatazo 5, na kabla gogo halijakupa joto la maana, moto lazima uyachemshe maji hayo yote na kuyatoa kwa mvuke kupitia bomba la moshi. Joto lililofanya kazi hiyo limekwenda zake angani. Gogo la uzito huohuo lililokauka vyema, unyevu wake ukiwa chini ya asilimia 20, limebeba lita 2 au pungufu. Kilichobaki ni kuni tupu. Hesabu hiyo ndiyo inayomtoa mtu kitandani mwezi wa Aprili.

Maji hutoka kwenye gogo kwa njia zilezile yalizopandia, yaani kwenye mirija midogo inayofuata urefu wa shina. Hukimbilia miishoni, mara kumi na zaidi kwa kasi kuliko yanavyopenya ubavuni. Ndiyo maana kukata vipande vifupi kuna faida kubwa kuliko inavyodhaniwa, na ndiyo maana nyufa za kwanza hutokea kwenye uso ulioguswa na msumeno. Kupasua nako si kwa ajili ya kupunguza ukubwa tu. Ni kulifungua gome, ambalo Mungu aliliumba makusudi kuzuia maji yasitoke. Mti wa bachi, ule wenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi, ndio mfano ulio wazi. Gome lake halipitishi maji kabisa, hata Waojibwe, wenyeji wa nchi hiyo, waliunda mitumbwi yao kwa gome hilo. Sasa gogo zima la bachi likiachwa bila kupasuliwa, maji yake hayana pa kutokea, na mti unaozea ndani ya ngozi yake. Kwa nje unaona kuni nzuri. Ukiinua, ni laini na nyepesi, haina kitu.

Mwaloni mweupe una ukaidi wa aina nyingine. Mirija yake huzibwa na vijiutando vinavyoota ndani yake mti unapozeeka, na sifa hiyo ndiyo iliyowafanya watengenezaji wa wiski wauchague kwa mapipa: kilichowekwa ndani hakivuji. Kizuri kwa pipa ni kigumu kwa kuni. Mwaloni unadai miaka miwili, wakati mwingine mitatu, na hauna njia ya mkato. Lakini anayeungoja hulipwa, kwa kuwa ni mti mzito, na rundo lake hutoa joto kubwa mno likilinganishwa na rundo la popla lenye ukubwa uleule. Wao hupima kuni kwa rundo la futi 4 kwa 4 kwa 8, karibu mita za ujazo 3.6, na mtu mzoefu hukwambia rundo la mti gani ni la mwezi gani. Popla ni ya Oktoba na Aprili, baridi ikiwa na huruma. Mwaloni na mepo huwekwa kwa ajili ya Januari.

Siku hizi hata hivyo kuni nyingi zinazoonekana ni za mti wa eshi, na habari yake inasikitisha. Kuna mbawakawa wa kijani kinachong'aa, asili yake Asia, aliyegunduliwa mwaka 2002 karibu na Detroit. Mabuu yake hula chini ya gome, kwenye tabaka linalopitisha chakula cha mti, na mti ukishazungukwa hufa umesimama. Minnesota alionekana mwaka 2009. Eshi kwa mamilioni zimekufa toka hapo, na kwa kuwa mti huu hata ukiwa mbichi una maji machache kuliko mwaloni, na hupasuka kwa pigo moja, wenye boila wanazo kuni nzuri kuliko walizowahi kuomba. Baba mkwe huzikata kwa majonzi, na kwa hadhari pia. Eshi iliyokufa ikiwa imesimama hukauka kwa kiwango cha hatari; matawi ya juu huvunjika kwa mtikisiko wa msumeno tu na kumwangukia mkataji. Wala hazihamishi kwenda wilaya nyingine. Sheria za karantini zinakataza, kwa sababu mdudu huyu, akiachiwa mabawa yake mwenyewe, haendi mbali. Anayemsafirisha ni mtu mwenye gari na kuni.

Kuni nyingi baba mkwe huzipasua mwezi wa Januari, zikiwa zimeganda. Maji yaliyomo ndani yakiwa barafu, mti hauminyiki wala haumezi shoka, unaachana tu. Ni raha kumwona. Kwanza analigeuza gogo, anausoma uso wake, anatafuta ufa uliokwisha kuanza wenyewe. Hapigi katikati ya gogo kubwa. Anaanzia kandokando, anamenya vipande kuzunguka, mpaka moyo wa gogo unabaki mdogo. Panapo fundo hapigani nalo, anaweka kando kwa mashine. Shoka lake ni lile zito lenye kichwa kinene, na makali yake si ya kukatia ndevu, maana kinachopasua ni unene wa kichwa kusukuma pande mbili ziachane. Mikono inateleza kwenye mpini shoka likishuka. Hana nguvu kuliko mimi. Ana subira kuliko mimi, na kipande kinaanguka.

Zikishapasuliwa, hupangwa juu ya fremu za mbao zisiguse udongo, mstari mmoja mmoja, ubavu ukitazama upepo. Zinafunikwa juu tu. Wapo wanaofunika rundo zima kwa turubai mpaka chini, kwa nia njema, na matokeo yake ni kwamba unyevu unaotoka kwenye kuni haupati pa kwenda, unarudi. Mvua ya juu juu haidhuru sana kuni. Maji yanayodhuru ni yale yaliyozaliwa nayo. Na kabla ya kuziingiza msimuni anazijaribu. Anachukua vipande viwili, anavigonga kimoja kwa kingine karibu na sikio. Kikavu hulia kwa sauti kali, ya juu, kama marimba. Kibichi hutoa kishindo kizito kinachofia hapohapo. Anacho pia kipima unyevu, chombo kidogo chenye sindano mbili, ila hachomi sindano hizo nje ya kuni. Anapasua kipande upya na kupima uso wa ndani, kwa sababu nje kila kuni ni kavu.

Viwanda vya majani chai vya Kericho navyo huendesha boila zao kwa kuni, mikaratusi hasa, na waendeshaji wa huko wanaifahamu hesabu hii kama wanavyoyafahamu majina ya mama zao. Kuni mbichi hula kuni kavu. Tofauti ni kwamba kiwandani kuna wasimamizi na zamu. Uani kwa baba mkwe kuna mtu mmoja, na hakuna anayemkagua.

Zamani hata hivyo boila zenyewe hazikuwa zikidai hivi. Zile za kizazi cha kwanza zilikuwa na chumba kimoja kikubwa, unasukumia magogo mazima, mabichi kwa makavu, na zinakula. Watu walizisifu kwa hilo. Tatizo ni kwamba kuta zake zimegusana na maji, na maji hayo hata yakiwa moto sana hayafikii nyuzi 100, kwa hiyo ndani hapapati ukali wa kuuteketeza moshi. Zaidi ya hapo, maji yakifika joto lililowekwa, tundu la hewa linajifunga, moto unanyimwa pumzi, unabaki ukifukiza kwa saa nzima. Moshi mzito unatoka, mweupe au wa kijivu, unashuka chini badala ya kupanda, unalala bondeni, unaingia kwa jirani. Sisi tuliokulia kwenye majiko ya mafiga hatuhitaji kuelezwa moshi unafanya nini kwenye kifua cha mama. Vijiji kadhaa vilipiga marufuku boila hizi, na sioni kama vilikosea.

Mwaka 2015 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, lilitoa kanuni ya kwanza ya nchi nzima kwa boila za aina hii: boila mpya isizidishe paundi 0.32 za chembe za moshi kwa kila BTU milioni 1 za joto inazotoa. Mei 2020 kiwango kikashushwa hadi paundi 0.10. Viwanda vilivyobaki sokoni vilibidi vijenge boila ya namna nyingine, na hiyo ndiyo iliyomgeuza mwenye boila kuwa fundi kwa lazima.

Ndani ya boila mpya mna vyumba viwili. Kuni hukaa cha juu, juu ya kitanda cha makaa. Feni husukuma hewa, lakini moshi hauruhusiwi kupanda; unalazimishwa kushuka, upenye katikati ya makaa yenyewe, uingie chumba cha pili kilichojengwa kwa matofali ya kuhimili moto. Humo hukutana na hewa mpya iliyokwisha kupashwa, na moshi, ambao kwa kweli ni kuni iliyogeuka gesi, unashika moto kwa nyuzi 1,000 na zaidi. Kinachotoka juu hukioni. Unaona hewa inatikisika tu kwenye mdomo wa bomba, na siku za baridi kali mvuke mweupe unaoyeyuka mara moja. Joto ambalo zamani lilikwenda kumkera jirani sasa linaingia kwenye maji. Lakini chumba kile cha pili hakiwaki kwa kuni zenye maji. Ukiitia kuni mbichi, mvuke unakipoza, moshi unapita bila kuungua, njia za ndani zinaziba, na una boila ya bei ghali inayofanya vibaya kuliko ya zamani. Nimesikia wengi wakiilalamikia mashine. Nikiomba kuziona kuni zao, jibu lipo pale limelala juu ya nyasi.

Jioni ya baridi, baba mkwe anakwenda kulisha. Hafungui mlango moja kwa moja. Anafungua kwanza kilango cha juu kinachoupeleka moshi bombani bila kupitia chumba cha pili, feni ikazimika. Anasimama. Anaufungua mlango kiasi cha upana wa kidole, anasimama tena, uso wake ameuweka pembeni. Mara ya kwanza kuiona nilimuuliza, "Baba, unangoja nini?"

"Moshi uliomo humo una njaa ya hewa, mwanangu. Ukiufungulia ghafla, utakula nyusi zako."

Kisha anafungua wazi. Anachukua chuma kirefu cha kuchochea na kuangalia kama kuna kuni zilizokwama pembeni zikabaki zinaning'inia huku makaa ya chini yakiisha, jambo ambalo huuzima moto tumboni ilhali chumba kimejaa. Anazivunja. Anayavuta makaa na kuyasawazisha juu ya tundu za hewa, anaacha jivu kiasi kwa kuwa jivu huyahifadhi makaa usiku, la ziada analitoa kwa koleo hadi kwenye pipa la chuma. Ndipo anapanga kuni: ndogo chini karibu na makaa, nene juu, zikiwa zimelala kwa urefu mmoja, zimekaribiana lakini hazijabanwa. Hajazi mpaka juu kila siku. Anatazama anga, anasikiliza habari za hali ya hewa, anakisia usiku utakula kiasi gani, na anaweka kiasi hicho. Ukiweka kupita mahitaji, moto utalala na kuamka mara nyingi, na kila unapolala unaacha masizi na lami ya moshi ukutani. Anataka moto uwake kwa nguvu, uishie karibu na alfajiri, makaa yabaki ya kuwashia.

Maji ya boila yenyewe ndiyo yanayonishangaza, kwa jinsi yanavyoheshimiwa. Mfumo huu hauna mgandamizo. Juu kuna tundu lililo wazi, na maji yakizidi kuchemka hutoa mvuke tu, hayalipui kitu. Kwa hiyo hatari si mlipuko, ni kutu. Chuma, maji na oksijeni vikikaa pamoja, chuma kinaliwa. Maji mapya kutoka kisimani yana oksijeni na madini. Yakishapashwa mara ya kwanza, oksijeni nyingi hutoka, na yakitiwa dawa ya kuzuia kutu, hutulia. Ndiyo maana baba mkwe hayabadilishi maji yake bila sababu. Maji ya miaka mingi, yaliyozoeana na chuma chake, ni mali. Kina chake kikishuka kidogo hujazia, lakini kikishuka mara kwa mara haridhiki na kujazia, anatafuta yanakotokea. Kila mwaka huchota kidogo kwenye chupa, hupima uchachu wake kwa karatasi inayobadilika rangi, na sampuli nyingine huipeleka maabara kwa posta. Nimemwona akiinua chupa hiyo dirishani, akiizungusha taratibu kutafuta wekundu.

Kuna maji mengine mabaya zaidi, nayo hayaonekani. Moshi wa kuni, hata wa kuni kavu, una mvuke. Maji yanayorudi kutoka nyumbani yakiwa baridi sana, ukuta wa tanuri hupoa, mvuke ule unagusa chuma baridi na kugeuka majimaji yenye asidi. Boila inatoka jasho kwa ndani. Jasho hilo hutoboa chuma kutoka upande wa moto, mahali ambapo dawa ya kutu haifiki. Kinga yake ni vali inayochanganya maji ya moto na yale yanayorudi ili yasiingie tanurini chini ya nyuzi 60 hivi. Ni kitu kidogo, hakizidi mkono kwa ukubwa, na ndicho kilichozitenganisha boila nyingi za miaka ishirini na zile zilizotoboka baada ya mitano.

Bomba la ardhini lina neno moja tu: likae kavu. Mirija miwili ya plastiki, wa kwenda na wa kurudi, huvikwa povu nene na kutiwa ndani ya bomba kubwa la mikunjo. Wauzaji wa rahisi hufunga tu karatasi inayong'aa na hewa, na maji ya ardhini yakishaingia humo, unapasha shamba. Ukweli wake huonekana bure, theluji ikianguka. Pita uani kwa mtu asubuhi: kama kuna mstari ulioyeyuka kutoka kibandani mpaka ukutani mwa nyumba, unauona kwa macho mti wake wa mwaloni ukipasha minyoo. Kwa baba mkwe theluji imelala sawasawa, huwezi kujua bomba limepita wapi. Alipolichimbia, aliniambia, lilimgharimu kuliko alivyopenda. Nadhani hakuna pesa aliyoitumia vizuri zaidi ya hiyo.

Na yote hayo yanategemea pampu inayotumia umeme. Umeme ukikatika usiku wa nyuzi 35 chini ya sifuri, tanuri huchemka huku nyumba ikiganda, kwa hiyo jenereta ndogo ipo karibu na mlango wa karakana, imejazwa mafuta, na huwashwa mara kwa mara kuhakikisha haijasusa.

Ningeulizwa kama kila mtu anunue boila kama hii, ningejibu hapana bila kusita. Asiye na msitu wake, asiye na ghala la kukaushia, anayesafiri majira ya baridi, mwenye jirani aliye karibu kiasi cha kusikiliza redio yake, awaachie wengine. Wala asinunue kuukuu ya chumba kimoja kwa sababu ni rahisi. Kitu hiki kinafaa mahali pake na kwa mtu wake, na mtu wake ni yule anayeweza kufurahia kazi ambayo matunda yake yako mbali. Anayechoma takataka humo, plastiki, mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, huyo hata jina la fundi asipewe; moshi wa mbao zile una sumu, na jivu lake pia.

Mwishoni mwa Mei, usiku ukiwa hauhitaji moto tena, boila huachwa izime. Hapo ndipo wengi huharibu walichokilinda msimu mzima, maana jivu lililobaki hunyonya unyevu wa hewa ya kiangazi na kugeuka kitu cha kula chuma. Baba mkwe huingia nusu mwili kupitia mlango, taa kichwani, kitambaa puani, akikwangua kuta mpaka chuma chenyewe kionekane. Hutoa jivu hadi chembe ya mwisho, husafisha njia za moshi kwa brashi ndefu, kisha hupaka kuta mafuta mepesi na kufunika mdomo wa bomba mvua isiingie. Hukagua mpira wa mlango, na ukionyesha mpasuko huagiza mwingine siku hiyohiyo. Maji hayamwagi. Tanuri likiwa tupu, chuma chenye majimaji kikikutana na hewa huanza kutu ndani ya siku chache, kwa hiyo mwili wa boila hubaki umejaa hadi juu majira yote ya joto, maji yaleyale, na pampu huiwasha kwa muda mfupi mara moja moja ili dawa isituame chini. Akimaliza hunawa, hunywa kahawa, anarudi kwenye magogo ya mwaloni aliyoyavuta msituni ardhi ilipokuwa bado imeganda.